Sura ya Tano: Mbona Nyumba Zinaongezeka na Maji Hayafiki?

Kuna swali linaloulizwa Bujumbura karibu kila siku, iwe kwenye foleni ya madumu, iwe sokoni Ruvumera au ndani ya basi la kwenda Kamenge: mbona nyumba mpya zinaota kila upande wa mji, lakini maji hayafiki, barabara zinageuka matope, na mvua ya usiku mmoja inatosha kuingia vyumbani mwa watu? Wengi hulijibu upesi kwa kusema kwamba watu wamekuwa wengi mno. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila halitoshi. Ndani ya mji huu huu ipo mitaa iliyojaa watu ambayo maji ya mvua hupita mferejini na magari hupita barabarani, na ipo mingine yenye watu wachache ambako gari la wagonjwa haliwezi kufika mlangoni. Kama wingi wa watu peke yake ungekuwa ndio ugonjwa, mitaa yote iliyojaa ingeugua sawasawa.

Sura hii inatetea hoja moja: kinachoamua kama mtaa utakalika ni kile kilichotangulia. Pale ambapo njia ya barabara, ya bomba na ya mfereji ilitengwa ardhini kabla ya ujenzi, mji umeweza kupokea watu mara kadhaa zaidi bila kuvunjika. Pale ambapo ukuta wa nyumba ulitangulia, kila huduma iliyofuata imekuja kwa shida, kwa gharama kubwa, au haikuja kabisa. Tutaipima hoja hii kwa hesabu, kwa mtaa wa Asiatique ulio katikati ya Bujumbura, kwa mafuriko, na kwa yale ambayo Tanzania iliyajaribu katika miaka ya 1970. Neno miundombinu litatokea mara nyingi. Maana yake hapa ni vitu vya pamoja ambavyo familia moja haiwezi kujijengea peke yake: barabara, mabomba, mifereji, nyaya za umeme, mitambo ya majitaka, pamoja na ardhi ya shule, ya soko na ya zahanati.

Tuanze na namba

Sensa ya mwaka 1979 iliikuta Bujumbura ikiwa na watu 141,040. Ile ya 1990 ilihesabu 235,440, na ya 2008 ikahesabu 497,166. Yaani katika miaka 18, kati ya 1990 na 2008, mji uliongezeka zaidi ya maradufu, na hiyo ni miaka ambayo ndani yake mlikuwa na vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Vita havikusimamisha ongezeko. Viliwatoa watu katika baadhi ya mitaa, Kamenge ikiwa mojawapo iliyoumia sana, vikawasukuma kwenye mitaa mingine, na vikawaleta mjini wengine waliokimbia vilima vyao. Nchi nzima nayo iliongezeka kutoka watu milioni 8 mwaka 2008 hadi takriban milioni 12.3 katika sensa ya 2024, katika eneo la kilomita za mraba 27,834. Hiyo ni zaidi ya watu 440 kwa kila kilomita ya mraba, wengi wao wakiwa wakulima wenye mashamba madogo ambayo hayawezi tena kugawanywa kwa watoto wote.

Namba kubwa za aina hii huwa haziingii akilini mpaka zigawanywe kwa siku. Kati ya 1990 na 2008 Bujumbura iliongezeka watu 261,726. Ukigawa kwa miaka 18, unapata watu 14,540 kwa mwaka, sawa na watu 40 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tukihesabu watu 5 kwa kila kaya, mji ulihitaji nyumba mpya 8 kila siku iliyopita. Na kila kundi la watu 40 lilikuja na mahitaji yake: kama kila mmoja atatumia lita 50 za maji, kiasi ambacho si cha anasa, mji unapaswa kuongeza uwezo wa lita 2,000 leo, nyingine 2,000 kesho, na kuendelea hivyo. Mwaka ukiisha, mitambo inatakiwa itoe lita 727,000 zaidi kila siku kuliko ilivyotoa mwaka uliotangulia, kabla hata ya kuwafikia wale waliokosa tangu zamani.

Hapo ndipo tofauti kati ya nyumba na miundombinu inapoonekana. Nyumba hujengwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa fedha zake na kwa kasi yake: leo matofali, mwezi ujao mabati, mwakani sakafu. Nyumba 8 kwa siku si muujiza kwa mji wenye mafundi. Mtambo wa maji, bomba kuu au daraja haviwezi kujengwa kwa mtindo huo. Vinahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, wahandisi, miaka ya kazi na, zaidi ya yote, ardhi iliyo wazi. Kwa hiyo nyumba na miundombinu zikiachwa zishindane mbio, nyumba zitashinda daima. Ushindi huo ndio unaoonekana katika foleni ya madumu.

*Kwa ufupi: mji uliongezeka watu 40 kwa siku kwa muda wa miaka 18. Nyumba zinaweza kuifuata kasi hiyo kwa sababu hujengwa na wengi kidogo kidogo. Miundombinu haiwezi, isipokuwa iwe imetangulizwa.*

Asiatique inatufundisha nini

Asiatique ni mtaa wa zoni ya Rohero, katika tarafa ya Mukaza, uliobanwa kati ya katikati ya mji na Buyenzi. Asili yake ni utawala wa Wabelgiji, waliouita mji Usumbura na kuufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Mji ule ulipangwa kwa ubaguzi ulio wazi: Wazungu walikaa upande wao, wafanyabiashara Wahindi na Waarabu wakapewa upande wao, na Waafrika wakawekwa Buyenzi, Bwiza na mitaa mingine iliyofuata. Asiatique ndio upande wa wafanyabiashara wale. Hakuna sababu ya kuutamani mpango uliowapanga watu kwa rangi zao, na hoja ya sura hii haiurudishi. Lakini upo ukweli mmoja wa kiufundi ambao haufutiki kwa sababu waliouchora walikuwa wabaguzi: mitaa hii ilichorwa kabla ya kujengwa. Barabara zilinyooshwa na kupewa upana, viwanja vikapangwa kwa mistari, na maji yakaachiwa njia.

Matokeo yake yameishi kuliko watawala wenyewe. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962 na Usumbura ikawa Bujumbura, ramani ile ilibaki ardhini. Wenye nyumba walibadilika, biashara zikabadilika, majengo ya chini yakavunjwa na ya ghorofa yakapanda, lakini njia hazikupotea. Duka la mbele lenye makazi nyuma au juu, stoo iliyo uani, lori linaloshusha mzigo barabarani, vyote vinawezekana kwa sababu mtu mmoja aliamua zamani kwamba kipande fulani cha ardhi kisijengwe kamwe. Buyenzi, mtaa wa Waswahili ulio jirani, nao ni ushahidi wa jambo hilo hilo. Una watu waliosongamana zaidi kuliko Asiatique, nyumba zake nyingi ni za kawaida kabisa, lakini njia zake zenye namba zimenyooka. Ndiyo maana ilipofika zamu ya kutengeneza barabara za ndani katika mitaa ya kale, mafundi waliikuta nafasi ikiwasubiri. Ngagara, iliyojengwa miaka ya 1950 na ofisi ya nyumba ya Wabelgiji na kujulikana kwa muda mrefu kwa jina la OCAF, inasimulia habari hiyo hiyo.

Hata hivyo Asiatique inatoa pia onyo, na msomaji asiliruke. Njia iliyotengwa haizeeki upesi, lakini bomba lililo chini yake huzeeka. Kiwanja kilichopimiwa familia moja na duka moja kikibeba ghorofa kadhaa, ofisi, stoo na wapangaji, bomba lile lile la zamani linatakiwa kuhudumia watu mara nyingi zaidi ya waliokusudiwa. Vivyo hivyo choo, mfereji na waya. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura, lililokuwa katikati ya mji si mbali na Asiatique, liliungua. Vikosi vya zimamoto vilizidiwa, na helikopta zikaja kutoka Rwanda kusaidia kuzima moto. Soko lilikuwa limejengwa vizuri katika wakati wake, ila vifaa na mipango ya kulinda mali na watu waliojaa humo havikuwa vimekua pamoja nalo. Kwa hiyo kutangulia peke yake hakutoshi milele: ramani nzuri humpa mjukuu nafasi ya kutengeneza, na mjukuu naye ana wajibu wa kuitumia nafasi hiyo.

*Kwa ufupi: mitaa ya kale iliyochorwa kabla ya kujengwa imebeba vizazi vitatu au vinne. Imebeba kwa sababu ya nafasi iliyoachwa wazi, wala si kwa sababu ya utajiri wa waliokaa humo. Lakini mabomba na mifereji yake lazima ipanuliwe majengo yanapoongezwa ghorofa.*

Kiwanja kilichopimwa si kiwanja kilichoandaliwa

Mji umepanuka pande zote ulizoweza. Kaskazini umefika Carama na Buterere, kusini umekwenda Kibenga na Kanyosha, mashariki umepanda vilima vya Gasekebuye na Sororezo, na magharibi, kando ya ziwa, umefuata barabara ya Kajaga na Gatumba. Sehemu ya upanuzi huo ilifanywa kwa mpango. Burundi imekuwa na taasisi za kazi hiyo: SIP, shirika la umma la nyumba, ECOSAT, iliyoundwa kuandaa viwanja na kusaidia ujenzi wa nyumba za gharama nafuu, na siku hizi OBUHA, ofisi ya mipango miji, makazi na ujenzi. Sehemu nyingine ilifanywa na wenye mashamba waliokata vipande na kuviuza kimoja kimoja kwa yeyote mwenye fedha.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wanunuzi huyachanganya. Kupima kiwanja ni kuweka mipaka: hapa kwako, pale kwa jirani. Kuandaa kiwanja ni kufungua barabara, kuchimba mfereji, kulaza bomba na kusimamisha nguzo ya umeme kabla ya mnunuzi kuanza kujenga. Kiwanja kilichopimwa tu huuzwa kwa bei ndogo, na mnunuzi huona amepata nafuu. Kumbe ile tofauti ya bei haikufutwa, imeahirishwa, na atailipa kidogo kidogo kwa kununua maji ya madumu, kwa kuchangia kokoto za kuziba mashimo, kwa kumlipa mbebaji wa saruji kwa sababu lori haliingii, na kwa kujenga upya ukuta ulioangushwa na maji. Familia maskini ndiyo inayolipa zaidi, kwa sababu yeye anayenunua maji kwa dumu hulipa zaidi kwa lita moja kuliko jirani mwenye mita ya Regideso, shirika la maji na umeme la taifa.

Tuchukue mfano wa hesabu ili gharama ya kuchelewa ionekane. Barabara ya urefu wa mita 300 na upana wa mita 12 inachukua mita za mraba 3,600, sawa na viwanja 12 vya mita za mraba 300 kila kimoja. Ikitengwa kabla ya kuuza, hasara ya viwanja hivyo 12 inagawanywa kwa wanunuzi wote wa mtaa na kila mmoja anaongeza kiasi anachoweza kukihimili. Ikisahauliwa na kukumbukwa baada ya miaka 15, njia ile ile inapita juu ya nyumba 12. Sasa kuna familia 12 za kuhamishwa, nyumba 12 za kuthaminiwa, fidia za kulipwa, kesi za kusikilizwa na wazee waliozika ndugu zao hapo. Mara nyingi mamlaka huangalia gharama hiyo, ikaifunga faili, na mtaa ukabaki bila barabara. Bomba halikukosekana kwa sababu chuma ni ghali. Lilikosa pa kupita.

Bujumbura ina ugumu wake mwingine, nao ni mteremko. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka Ziwa Tanganyika, yaani kutoka chini kabisa. Kila nyumba inayojengwa juu zaidi mlimani inahitaji pampu, umeme wa kuiendesha pampu, na tangi la kuhifadhi. Umeme ukikatika, maji ya mlimani hukatika nayo. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kwenye jumba zuri lenye mandhari ya ziwa zima, na bado akaamka saa nane usiku kuvizia bomba.

Paa, mvua na mto Ntahangwa

Watu wengi hufikiri mafuriko huletwa na mvua. Mvua ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali inapoangukia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50 kwa usiku mmoja, linamwaga lita 5,000. Nyumba 200 za ukubwa huo zinamwaga lita milioni 1. Maji hayo zamani yaliangukia majani na shamba, sehemu yake ikanywewa na ardhi, na iliyobaki ikateremka polepole. Juu ya bati, saruji na ardhi iliyokanyagwa hayanywewi. Yanateremka yote kwa pamoja, na kama hayakuachiwa mfereji, yanatumia njia ya watu au mlango wa jirani wa chini.

Bujumbura imekaa kati ya ziwa na vilima vya Mumirwa, na mito kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha huukata mji ikiteremka kwa nguvu. Kila mwaka kingo za Ntahangwa humomonyoka, na nyumba, barabara na shule zilizo karibu zinaning'inia. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa iliyopiga mitaa ya kaskazini, ikiwemo Kamenge, Kinama na Buterere, iliua zaidi ya watu 60 na kuharibu mamia ya nyumba. Nyingi zilikuwa za matofali ya udongo, zilizosimama pale ambapo maji yaliwahi kuwa na njia yake. Upande wa ziwa, wakazi wa Gatumba walifurikwa na mto Rusizi mwaka 2020, na maji ya ziwa yaliyopanda miaka iliyofuata yakawafukuza wengi makwao tena na tena, 2024 ikiwa miongoni mwa miaka mibaya.

Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika uachwe bila ujenzi. Sheria ni nzuri, ila ilikuja wakati watu wengi walikwisha kujenga, na baadhi yao walikuwa na karatasi za kuthibitisha umiliki. Hapo tunarudi kwenye hoja ile ile. Ukanda uliotengwa mapema ni alama tu juu ya ramani, na hauumizi mtu. Ukanda uliotangazwa baada ya ujenzi ni amri ya kubomoa, na kila amri ya kubomoa inagusa mtu aliyeweka akiba yake yote katika kuta hizo.

*Kwa ufupi: kila paa jipya huongeza maji yanayoteremka. Mtaa usio na mfereji unaupelekea mtaa wa chini maafa. Ardhi ya maji ikilindwa kabla, haigharimu nyumba ya mtu.*

Walichojaribu Tanzania

Je, kuna ushahidi kwamba kutanguliza miundombinu kunasaidia watu wa kawaida, si matajiri pekee? Upo, na hauko mbali. Kuanzia mwaka 1974 Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilifanya mradi wa viwanja na huduma. Wazo lake lilikuwa kwamba serikali isijenge nyumba, kwa sababu nyumba za serikali huwa chache na hufika kwa wachache. Badala yake ifungue barabara, ilaze mabomba, igawe viwanja vidogo, kisha kila familia ijenge kwa uwezo wake. Dar es Salaam, maeneo kama Sinza na Kijitonyama yaliandaliwa hivyo yakiwa bado hayajajengwa. Wakati huo huo maeneo yaliyokuwa tayari yamejaa nyumba, kama Manzese, yalipelekewa barabara na maji juu ya ujenzi uliokuwepo.

Huo ukawa mtihani wa wazi, hata kama haukukusudiwa kuwa mtihani. Watafiti waliolinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, miongo kadhaa baadaye, waliona kwamba yale yaliyoandaliwa kabla yana nyumba kubwa zaidi, zilizojengwa kwa ubora zaidi na zilizopangika zaidi, na huduma bora zaidi. Yale yaliyotengenezwa baada ya kujengwa hayakuonyesha faida ya aina hiyo. Fedha zilitumika pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ni wakati zilipotumika.

Nairobi inatufundisha upande wa pili. Dandora nayo ilianza katika miaka ya 1970 kama mradi wa viwanja na huduma, wenye viwanja karibu 6,000. Baadaye nyumba za chini zikapisha majengo marefu ya kupangisha, huku mabomba na mifumo ya majitaka ikiwa haikupanuliwa kwa kadiri hiyo, na jaa kubwa la taka la jiji likiwa jirani. Mtaa uliopangwa vizuri ulichoshwa na kutotunzwa. Mafunzo haya mawili hayapingani. Sinza inasema tangulia, Dandora inasema usiishie hapo.

Wanaopinga wanasema nini

Hoja hii ina wapinzani wenye sababu nzito, na haifai kuwapuuza.

Wa kwanza husema dawa ni kuwazuia watu wasije mjini. Wabelgiji walijaribu kuamua nani akae mjini na nani asikae, na mji haukuacha kukua. Zaidi ya hayo, watu hawaji mjini kwa kupenda taa. Shamba la nusu hekta haliwezi kuwalisha watoto sita na watoto wao. Na sehemu ya ongezeko hutokea mjini kwenyewe, katika hospitali na zahanati za Bujumbura, ambako huwezi kuweka kizuizi. Mwaka 2008 ni Mrundi mmoja tu kati ya 10 aliyekuwa akiishi mjini. Safari ya nchi hii kuelekea mijini ndiyo kwanza inaanza, na anayepanga kwa kutumaini kwamba watu watarudi kijijini anapanga kushindwa.

Wa pili husema tatizo litakwisha kwa kuwa Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa. Uamuzi huo ulitangazwa Desemba 2018, na una faida zake, hasa kwa mikoa ya kati. Lakini Bujumbura imebaki mji mkuu wa kiuchumi, ikiwa na bandari, viwanda, benki, uwanja wa ndege na Chuo Kikuu cha Burundi. Tanzania iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na serikali ikahamia kwa nguvu kuanzia 2016. Katika muda huo Dar es Salaam haikupungua: sensa ya 2012 iliikuta na watu milioni 4.4, na ya 2022 ikaikuta na milioni 5.4. Gitega yenyewe sasa inahitaji funzo hili kuliko mji wowote, kwa sababu bado ina ardhi ambayo haijafungwa na kuta.

Wa tatu husema nchi maskini haina fedha za kutangulia. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, kutenga njia kunahitaji mpimaji, vigingi na msimamo wa kulinda kilichopimwa, na gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na lami. Barabara inaweza kubaki ya udongo kwa miaka 10 ilimradi upana wake ubaki mita 12. Pili, si kila ujenzi unahitaji mashine za kukodi kutoka nje. Katika mitaa kadhaa ya Bujumbura barabara za ndani zimetandikwa mawe kwa mikono, katika miradi ya kazi za umma iliyosaidiwa na wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo. Mawe ni ya hapa, mikono ni ya hapa, na ujira ulibaki mitaani. Nchi iliyokosa fedha za kigeni ina sababu zaidi ya kuichukua njia hiyo.

Wa nne husema mipango tayari ipo, tatizo ni utekelezaji. Waswahili wamesema mipango si matumizi, na Burundi haikosi mipango: dira ya taifa inataka nchi iwe imeinukia kiuchumi ifikapo 2040 na imeendelea ifikapo 2060. Pingamizi hili ni la kweli, na linaonyesha mahali pa kubana. Mpango wa kurasa mia mbili uliofungiwa ofisini hauwezi kumzuia mtu kujenga juu ya njia ya mfereji. Kigingi cha zege kilichosimikwa mbele ya majirani, na ramani iliyobandikwa kwenye ofisi ya mtaa, vinaweza, kwa sababu vinampa kila mkazi uwezo wa kusema: hapa pasijengwe.

Wa tano husema viwanja vilivyoandaliwa huishia mikononi mwa wenye fedha. Hilo lilitokea kwa kiasi fulani hata Sinza, ambako baadhi ya waliopewa waliwauzia waliowazidi uwezo. Dawa yake ni kuandaa viwanja vingi na vidogo, vilipiwe kwa awamu, wala si kuandaa vichache vikubwa. Kitu adimu humwendea tajiri. Uhaba ukiondoka, na mwenye kipato kidogo hupata mlango wa kuingilia.

Kifanyike nini

Hatua zifuatazo hazihitaji kusubiri mfadhili, na zimepangwa kwa mfuatano wa umuhimu wake:

1. Njia kuu za barabara, mabomba na mifereji zichorwe na kuwekewa vigingi katika maeneo ambayo mji utayafikia miaka 20 ijayo, kabla ya kuuzwa kiwanja chochote humo.
2. Kingo za mito na ukanda wa ziwa zilindwe kwanza pale ambako bado hakujajengwa, ili orodha ya wa kuhamishwa isiongezeke.
3. Asiyefungua barabara na mfereji asiruhusiwe kuuza viwanja, awe ofisi ya umma au mwenye shamba.
4. Katika mitaa ya kale kama Asiatique, kibali cha kuongeza ghorofa kiambatane na mchango wa kupanua bomba, mfereji na mfumo wa majitaka wa barabara hiyo.
5. Kodi ya ardhi na majengo inayokusanywa mtaani ionekane mtaani, kwa hesabu inayosomwa hadharani.
6. Kila nyumba mpya ya mlimani iwe na tangi au shimo la kupokea maji ya paa lake.

Upo pia wajibu wa mnunuzi. Kabla ya kulipa kiwanja, uliza mambo manne na usikubali majibu ya mdomo: barabara ya mbele ina upana gani kwenye ramani iliyopigwa muhuri, maji ya mvua yanaelekea wapi, bomba la karibu liko umbali gani, na shule itajengwa wapi. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hayo anakuuzia ardhi pamoja na matatizo ya wanao. Bei ndogo isikudanganye.

Mji wa Bujumbura utaendelea kukua. Hilo haliko mikononi mwa waziri, wala mwa shefu wa mtaa, wala mwa mwenye kiwanja. Kilicho mikononi mwao ni kuamua nini kitangulie. Wanaouongoza mji waweke vigingi leo, na sisi wakazi tusivihamishe usiku. Mtoto atakayezaliwa Carama au Gitega mwaka huu atakuwa kijana mwaka 2040, na kama atachota maji kwenye bomba la kwao au kwenye foleni ya madumu kunategemea ardhi inayopimwa sasa hivi.